Maneno ya ardhi na nyumba ya kuyaelewa kabla ya kutia saini

Katika Tanzania Bara hakuna mtu anayenunua ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001 pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, inatamka kwamba ardhi yote ni mali ya umma na imekabidhiwa kwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Anachopewa mwananchi ni haki ya kumiliki ardhi, yaani haki ya kuikalia, kuitumia, kuwazuia wengine wasiiingilie, kuirithisha na kuihamishia kwa mtu mwingine, kwa masharti na mara nyingi kwa muda uliowekwa. Muuzaji anapopokea fedha zako anakuhamishia haki hiyo kwa kiasi kilekile alichonacho yeye, na kama hana kitu, hata mkataba wenye mihuri mingi hauwezi kukupa kitu. Ukilishika jambo hili, maneno mengi ya sheria ya ardhi yanayotisha watu yatakaa mahali pake, kwa sababu kila moja linaeleza aina ya haki, ushahidi wake, njia ya kuihamisha, au jambo linaloipunguza nguvu.

Ni vyema pia kujua kwamba milki ya kudumu isiyo na kikomo cha muda, ambayo ilikuwapo tangu enzi za ukoloni, ilifutwa mwaka 1963 na kugeuzwa kuwa pango la serikali, kisha pango hilo likageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi tunayoijua leo. Kwa hiyo tangazo linaloahidi kiwanja cha mjini "cha kwako milele" linaahidi kitu ambacho sheria ya Bara haikitoi. Zanzibar ina sheria zake, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano, na maelezo yanayofuata hayahusu Unguja wala Pemba.

Ardhi imegawanywa katika makundi matatu, na ni lazima ujue kiwanja unachotaka kiko katika kundi lipi, maana kundi ndilo linaloamua ni nani mwenye mamlaka ya kukubali mauziano yenu. Ardhi ya kijiji iko chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, inayowajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ardhi ya hifadhi ni ile iliyotengwa kwa sheria maalumu kwa ajili ya misitu, wanyamapori, barabara, vyanzo vya maji na mengine ya namna hiyo. Ardhi ya jumla ni ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, na sehemu kubwa ya miji imo humo chini ya Kamishna wa Ardhi. Watu wengi hudhani kwamba hifadhi ni jambo la Serengeti au Ruaha, kumbe kipande chenye mabati na migomba kando ya barabara kuu kinaweza kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mikoa hufika mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, au ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ziwa au bahari ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Anayejenga humo huenda akabomolewa bila fidia, hata kama alilipa bei ya soko.

Karatasi na nguvu zake

Hati miliki, ambayo kwa jina lake kamili ni cheti cha haki ya kumiliki ardhi, ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote. Hutolewa kwa ardhi iliyopangwa na kupimwa, husajiliwa na Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, na huwa na muda ambao kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99, nao hauwezi kuzidi 99. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba anayeshika hati iliyosajiliwa huchukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Hata hivyo, usiishie kutazama jina na mhuri. Soma masharti: matumizi yaliyoruhusiwa (makazi, biashara, makazi na biashara, viwanda), muda uliotolewa wa kuendeleza kiwanja, na wajibu wa kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Mmiliki anayekiuka masharti, kwa mfano kwa kuliacha eneo pori kwa miaka mingi au kwa kutolipa pango, anaweza kupewa ilani na mwishowe milki yake ikabatilishwa, na wewe uliyenunua kutoka kwake unarithi deni lake pamoja na ilani yake. Angalia pia tarehe ambayo muda wa hati ulianza kuhesabika, kwa sababu hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 imebakiza kidogo sana, na uhuishaji wake unahitaji maombi.

Hati ya haki miliki ya kimila ni cheti cha kijijini. Husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, hutiwa saini au dole gumba na mwenye ardhi, na husajiliwa na ofisa ardhi wa wilaya. Kisheria haki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na Kamishna, na inaweza kuwa ya muda usio na kikomo. Hata yule ambaye hana cheti, lakini ameishi na kulima kwa mujibu wa mila, anatambuliwa kuwa nayo. Udhaifu wake uko sokoni, kwa kuwa benki nyingi husita kuichukua kuwa dhamana, na kwa kuwa uhamisho wake kwa mtu wa nje ya kijiji hauwezi kufanyika bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Hapa ndipo wanunuzi wa mashamba kutoka mijini huumia zaidi: humlipa mwenye shamba mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, wanarudi mjini wakiwa na karatasi, na baada ya miaka michache mahakama inasema mauziano hayo ni batili kwa sababu halmashauri haikukaa kikao wala kuidhinisha. Saini ya mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri. Omba muhtasari wa kikao, wenye majina ya wajumbe waliohudhuria, na uuhifadhi pamoja na mkataba.

Leseni ya makazi ni kibali cha muda kinachotolewa kwa wakazi wa maeneo ya mijini yaliyojengwa bila mpango. Zilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 ili kuwapa wakazi utambulisho fulani, na zinapaswa kuhuishwa muda wake unapokwisha. Leseni humtambua aliyepo na nyumba yake, lakini haimpi haki ndefu kama ya hati, wala haimaanishi kwamba eneo limepimwa. Urasimishaji ndio mchakato unaokusudia kuwatoa watu kwenye hali hiyo: eneo huchorewa mpango, viwanja hupimwa vikiwa na nyumba zake, njia hutengwa, kisha kila mwenye kiwanja humilikishwa. Anayekuuzia katika eneo linalorasimishwa aulizwe mchakato umefika hatua gani, na kama amelipia mchango wake wa upimaji.

Neno linalosababisha kutoelewana kuliko yote ni "ofa". Ofa, yaani barua ya toleo, ni barua ya serikali inayomjulisha mwombaji kwamba amegawiwa kiwanja fulani na kumtaka akubali na kulipa ada zilizotajwa ndani ya muda uliowekwa. Aliyekubali na kulipa ana haki inayotambulika na anaweza kuendelea hadi kupata hati. Asiyelipa ana karatasi tu, na kiwanja hichohicho kinaweza kuwa kimegawiwa mtu mwingine. Dalali akikuambia kiwanja "kina ofa", dai lako la kwanza liwe stakabadhi za malipo zinazolingana na barua hiyo, na la pili liwe uthibitisho wa ofisi ya ardhi kwamba jina lililo kwenye faili ndilo lililo kwenye barua.

Kwa asiye raia njia ni nyembamba zaidi. Sheria haimruhusu kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na hapo hupewa haki isiyo ya asili, inayotokana na haki iliyoshikwa na taasisi ya serikali ya uwekezaji. Wapo wanaoiepuka sheria hii kwa kuandika kiwanja kwa jina la rafiki au mchumba aliye raia. Mpango huo humwacha mwenye fedha bila haki yoyote anayoweza kuidai mahakamani uhusiano ukivunjika.

Wanaonunua fleti wanapaswa kuijua Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ambayo inawezesha kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, pamoja na hisa katika maeneo ya pamoja kama ngazi, lifti na maegesho. Uliza kama jengo limesajiliwa hivyo, kwa sababu katika majengo mengi mwenye kiwanja bado anashika hati moja tu ya eneo zima.

Kiwanja ardhini na kiwanja kwenye ramani

Mchoro wa mipangomiji huonyesha serikali imekusudia nini katika eneo: nyumba zikae wapi, shule wapi, barabara wapi, maeneo ya wazi wapi. Upimaji huja baadaye, ambapo mpima hutia mipaka ya kila kiwanja kwa vipimo, huweka bikoni, yaani alama za mipaka zinazosimikwa ardhini, na ramani yake huidhinishwa na mamlaka. Baada ya hapo kiwanja hupata anwani yake ya kisheria, kwa mfano Kiwanja Na. 15, Kitalu C, pamoja na jina la eneo. Kiwanja kinaweza kuwa kimepimwa bila kuwa na hati, na kinaweza kuwa na michoro mizuri ya kampuni ya kuuza viwanja ilhali ramani ya upimaji haijaidhinishwa. Haya ni mambo matatu tofauti, nayo huchanganywa kwa makusudi katika matangazo.

Mlipe mpima mwenye leseni aende nawe, azitafute bikoni na kuzilinganisha na ramani iliyoidhinishwa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara ya kujenga ukuta ndani ya kiwanja cha jirani, au ya kugundua kwamba kile ulichoonyeshwa ni Kiwanja Na. 17 huku karatasi zikiwa za Na. 15. Mwulize pia kuhusu haki ya njia, yaani haki ya jirani kupita juu ya ardhi yako, au ya mabomba na nyaya kupitishwa hapo, kwa kuwa haki hiyo hubaki na ardhi hata mmiliki akibadilika.

Upekuzi

Kama ningeruhusiwa kumpa mnunuzi ushauri mmoja tu, ungekuwa huu: usilipe hata malipo ya awali kabla ya upekuzi. Upekuzi ni maombi rasmi yanayopelekwa kwa Msajili wa Hati, kwa ada, ili daftari la usajili lisomwe na majibu yatolewe kwa maandishi. Tangu mwaka 2020 kila mkoa wa Tanzania Bara una ofisi ya ardhi ya mkoa, hivyo safari ndefu ambayo zamani ilikuwa kisingizio haipo tena. Unahitaji namba ya hati na maelezo ya kiwanja, na kwa sababu hiyo muuzaji anayekataa kukupa nakala ya hati ameshakupa jibu.

Majibu ya upekuzi husomwa mstari kwa mstari. La kwanza ni jina la mmiliki: je, ni la huyu anayeuza, au ni la marehemu, kampuni, au mke na mume kwa pamoja? La pili ni rehani, yaani mkopo uliowekewa ardhi hiyo kuwa dhamana. Rehani isiyofutwa humfuata mnunuzi. La tatu ni zuio, ambalo wengine huliita tahadhari. Zuio huwekwa na mtu anayedai kuwa na maslahi katika ardhi, kama vile mnunuzi wa awali, mrithi, au mwenza wa ndoa, na likishaandikishwa Msajili hasajili uhamisho unaopingana nalo mpaka liondolewe kwa utaratibu wa sheria. Zuio halithibitishi kwamba aliyeliweka ana haki, ila linathibitisha kwamba kuna mtu anayejiandaa kupigania ardhi hiyo, na muuzaji anayekuambia "hilo ni jambo dogo la kifamilia" anapaswa kulimaliza yeye kabla hujatoa shilingi. La nne ni amri za mahakama, ambazo hukataza ardhi kuuzwa kesi ikiwa inaendelea au huamuru ardhi ikamatwe kwa deni.

Daftari halisemi kila kitu. Ardhi isiyosajiliwa haimo humo kabisa, kwa hiyo upekuzi wa eneo kama hilo hufanyika kwa miguu: kwa majirani wa pande zote nne, kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kwa baraza la ardhi la wilaya kuuliza kama kuna shauri, na kwa yule anayeonekana analima au anaishi pale. Sheria humlinda kwa kiasi mnunuzi kwa nia njema, yaani yule aliyelipa thamani ya haki bila kujua kasoro na bila kuwa na sababu ya kuishuku. Aliyeikuta familia inaishi kwenye nyumba na hakuwauliza ni nani hawezi kuutumia ulinzi huo kwa urahisi.

Mkataba, mashahidi na ridhaa

Sheria ya Ardhi haitambui mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi unaofanywa kwa mdomo: lazima uwe wa maandishi, au kuwe na kumbukumbu ya maandishi, iliyotiwa saini na yule anayedaiwa kuutekeleza. Mkataba wa mauziano unaofaa hutaja pande zote kwa majina na namba za vitambulisho, maelezo kamili ya kiwanja, bei na namna ya kulipa, ni nani analipa kodi ipi, tarehe ya kukabidhi, na kitakachotokea kama kibali kitakosekana au mmoja akajitoa. Lipa kupitia benki. Fedha taslimu zinazohesabiwa mezani zina shahidi mmoja tu wa kuaminika, naye ni yule aliyezipokea.

Kuhusu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, watu wamezoea kumwona kama msajili wa ardhi. Ushuhuda wake una faida, kwa sababu anawafahamu wakazi na anaweza kusimama mahakamani kueleza alichokiona, lakini muhuri wake haumpi mtu haki ya kumiliki. Panapodaiwa asilimia fulani ya bei ya mauziano kwa ajili ya "ofisi", omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Ikikosekana, huna sababu ya kulipa.

Ridhaa ya mwenza inastahili nafasi pana kuliko inayopewa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ikiwa hai, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja tu, na kinamruhusu mwenza kulinda maslahi yake kwa kuweka zuio. Sheria ya Ardhi inaongeza kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mnunuzi mwangalifu humwita mwenza asaini mwenyewe mbele ya wakili, au hupata hati ya kiapo ya muuzaji kwamba hana ndoa, na bado huuliza mtaani. Nyumba nyingi zimerudishwa na mahakama kwa wake ambao hawakuwahi kuulizwa, na haki hiyo ni njema. Anayeumia ni mnunuzi aliyeharakisha.

Kiwanja kikiwa na wamiliki wawili au zaidi, angalia wanamiliki kwa namna gani. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, sehemu ya anayefariki huenda kwa aliyebaki hai, na hakuna anayeweza kuuza peke yake. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake linalotajwa, nalo hurithiwa na warithi wake.

Anayeuza kwa niaba ya mwingine

Mtoto wa marehemu si mmiliki wa ardhi ya marehemu, hata awe mkubwa wa familia na ameishi hapo maisha yake yote. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ushahidi wake ni barua ya usimamizi. Kwa ardhi yenye hati, msimamizi huandikishwa kwanza katika daftari kwa wadhifa wake, kisha ndipo anaweza kuhamisha. Muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza ni hatua ya kuelekea mahakamani, haumpi ruhusa ya kuuza. Omba barua yenyewe, nenda kwenye mahakama iliyoitoa kuthibitisha namba ya shauri, na ukutane na warithi wengine, kwa kuwa msimamizi hushika mali kwa ajili yao wote.

Wakala aliyetumwa na mmiliki aliye nje ya nchi anahitaji nguvu ya kisheria, yaani hati inayomruhusu kutenda kwa niaba yake. Hati hiyo isomwe kwa makini: inayomruhusu kusimamia na kukusanya kodi ya nyumba haimruhusu kuuza. Tena hukoma aliyeitoa anapofariki.

Uhamisho na kodi zake

Mkataba ukishasainiwa, bado hujawa mmiliki wa ardhi iliyosajiliwa. Uhamisho hukamilika unaposajiliwa. Pande mbili hujaza fomu za ardhi, ikiwamo ile ya taarifa ya uhamisho, ya maombi ya kibali na ya uhamisho wenyewe, husaini mbele ya wakili, huambatanisha mkataba, hati halisi, picha, taarifa ya uthamini na uthibitisho kwamba pango la ardhi limelipwa, kisha hupeleka ofisi ya ardhi. Uthamini hufanywa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Bei ya chini inayoandikwa ili kukwepa kodi hugunduliwa hapo.

Kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji hutozwa kwa faida aliyoipata muuzaji, na kwa mkazi wa Tanzania kiwango chake ni asilimia 10 ya faida hiyo. Aliyetunza stakabadhi za ununuzi na ujenzi hutozwa faida ya kweli. Asiyezitunza hukokotolewa kwa asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa. Upo msamaha kwa nyumba ya kuishi ambayo mmiliki ameimiliki na kuikalia kwa miaka mitatu au zaidi, iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Mnunuzi kwa kawaida hubeba ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1. Viwango hivi hubadilishwa na sheria za fedha za kila mwaka, hivyo uthibitishe kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya kupanga bajeti. Tofautisha pango la ardhi, linalotozwa kwa ardhi, na kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kidogo kidogo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU.

Rehani na upangaji

Anayekopa kwa kuweka hati benki hajauza, ila amemruhusu mkopeshaji auze iwapo hatalipa. Ruhusa hiyo ina mipaka: ni lazima mkopaji apewe ilani ya maandishi inayoeleza deni na kumpa siku 60 za kulipa, na mkopeshaji anapouza ana wajibu wa kutafuta bei iliyo bora kadiri inavyowezekana. Rehani ya nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza ina kasoro. Mkopo ukimalizika, dai hati ya kufuta rehani na uisajili, kwani barua ya benki isiyosajiliwa haiondoi kitu katika daftari.

Kwa wapangaji, andikeni mkataba hata kama ni wa chumba kimoja, utaje kodi, muda, amana na kipindi cha ilani. Mpangaji ambaye ni kampuni au taasisi hukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Hiyo huitwa kodi ya zuio, na haihusiani na zuio la Msajili.

Mgogoro ukitokea

Shauri la ardhi halianzii popote mtu anapotaka. Mabaraza ya kata, ambayo zamani yaliamua kesi, tangu marekebisho ya mwaka 2021 yamebaki na kazi ya usuluhishi, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila kusuluhisha. Baraza la wilaya husikiliza madai ya ardhi yasiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, na rufaa ya mwisho ni Mahakama ya Rufani.

Lipo pia suala la ukomo wa muda. Dai la kurejeshewa ardhi hufa baada ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza, na mahakama hazina huruma katika hili. Mtu aliyevamiwa akiwa mkoani kwingine, akaendelea kutuma salamu za malalamiko kwa ndugu bila kufungua shauri, anaweza kufika siku moja akiwa na hati mkononi na kuambiwa kwamba muda umepita. Kwa mwenye ardhi ya mbali, kwa hiyo, kulipa pango kila mwaka na kutunza stakabadhi, kuzitembelea bikoni, na kuandika malalamiko rasmi mara mvamizi anapoonekana ni sehemu ya kumiliki, sawa na kushika hati yenyewe.